Taifa la Moto si Japani: namna ya kuyasoma mataifa ya Avatar

Mtu akimaliza kutazama Avatar: The Last Airbender, katuni ya Nickelodeon iliyorushwa kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008 kwa vipindi 61, huanza kupanga majozi kati ya mataifa manne ya katuni na watu wa dunia halisi. Taifa la Moto ni Japani. Ufalme wa Ardhi ni China. Wahamaji wa Hewa ni Tibet. Makabila ya Maji ni Wainuit, wenyeji wa Aktiki. Majozi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanavunjika kwa maswali mawili tu. Kama Moto ni Japani, mbona watu wanaoonekana Wajapani kuliko wote, wale wasichana wapiganaji wa Kisiwa cha Kyoshi, wako chini ya Ufalme wa Ardhi? Na kama Hewa ni Tibet, mbona anayewaangamiza ni Moto, ilhali jeshi lililovamia Tibet Oktoba 1950 lilikuwa la China?

Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, waliobuni katuni hii, hawakuchukua nchi na kuibandika jina jipya. Kila taifa limejengwa kwa matabaka, na kila tabaka lina asili yake. Mavazi na majengo ni tabaka moja. Imani ni jingine. Historia ya utawala na vita ni la tatu, na namna mwili unavyosogea katika mapigano ni la nne. Anayebishana kuhusu "Moto ni nani" mara nyingi huwa ameshika tabaka moja, na mwenzake ameshika jingine, wote wawili wakiwa na ushahidi mkononi.

Tabaka la mapigano ndilo rahisi kuliko yote, kwa hiyo tulimalize kwanza. Mshauri wa katuni alikuwa mwalimu anayejulikana kama Sifu Kisu (jina lake ndilo hilo, halikutungwa kwa ajili yetu), na kila elementi, ambayo watu wa taifa lake huiongoza kwa miondoko ya mwili, ilipewa mtindo wake. Maji ni Tai Chi: uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda wa pili bila kukatika, mkono haunyooki hadi mwisho, na nguvu ya adui inapokelewa, inazungushwa, inarudishwa kwake. Ardhi ni Hung Gar ya kusini mwa China: miguu imetanuliwa, magoti yamepindwa, nyonga zimeshuka, na kishindo cha mguu kinatangulia ngumi. Moto ni Shaolin ya Kaskazini, yenye mateke marefu, miruko na mashambulizi yanayofuatana bila kumpa adui nafasi ya kupumua. Hewa ni Baguazhang, mtindo uliosambazwa Beijing katika karne ya 19 na Dong Haichuan, ambapo mpiganaji hutembea kwenye duara huku kiwiliwili kimeelekea katikati, na hugeuza mwelekeo kwa kubadili viganja. Toph, msichana wa Ardhi, peke yake ana mtindo wa pembeni, Chu Gar ya Vunjajungu wa Kusini. Sababu yake ni ya kimantiki: yeye haoni, anasikiliza ardhi kwa nyayo, kwa hiyo anahitaji mtindo wa mikono mifupi ya karibu usiomlazimisha kunyanyua miguu.

Mitindo yote hiyo ni ya China. Hakuna karate wala judo katika mikono ya Moto. Maana yake ni kwamba tabaka hili halisemi lolote kuhusu asili ya taifa. Linasema kuhusu tabia ya elementi. Ukilitumia kubaini utamaduni, utajikuta umewafanya watu wa barafuni kuwa Wachina. Maandishi nayo ni hivyo hivyo: mabango, barua na ramani za mataifa yote zimeandikwa kwa herufi za Kichina, kazi ya bingwa wa hati Siu-Leung Lee. Kwa Japani, Korea na Vietnam hilo lina msingi, maana wasomi wao waliandika kwa Kichina cha kale kwa karne nyingi. Kwa Tibet halina, kwa kuwa Watibet wana alfabeti yao tangu karne ya 7, na kwa Wainuit halina kabisa.

Tukija kwenye imani, Hewa ndiyo yenye chanzo kilicho wazi kuliko yote. Mlezi wa Aang, mtawa kijana wa Hewa ambaye ndiye shujaa wa katuni, anaitwa Gyatso. Dalai Lama wa 14, kiongozi wa dini wa Tibet, anaitwa Tenzin Gyatso, na jina Tenzin likaja kupewa mwana wa Aang katika mfululizo wa pili. Aang alitambuliwa kuwa Avatar, yaani mtu pekee anayeongoza elementi zote nne na anayezaliwa upya kila anapokufa, alipochagua, kati ya maelfu ya vitu vya kuchezea, vile vinne vilivyokuwa vya Avatar waliomtangulia. Ndivyo alivyotambuliwa Dalai Lama huyo, ambaye utotoni aliitwa Lhamo Thondup, mtoto wa wakulima aliyezaliwa Julai 6, 1935 katika kijiji cha Taktser: akiwa na miaka miwili hivi aliwekewa vitu vya Dalai Lama wa 13 vikiwa vimechanganywa na vingine, naye akachukua vya marehemu. Mfanano wa tatu hautajwi sana ingawa ndio mzito. Kwa desturi ya katuni, Avatar huambiwa yeye ni nani akitimiza miaka 16; Aang aliambiwa akiwa na 12 kwa kuwa watawa waliona vita vinakuja. Dalai Lama alitarajiwa kukabidhiwa madaraka ya nchi akiwa na miaka 18. Alikabidhiwa Novemba 1950 akiwa na 15, wiki chache baada ya uvamizi.

Hadi hapo mtu anaweza kusema Hewa ni Tibet na kufunga mjadala. Asifunge. Watawa wa Tibet huvaa joho la rangi ya damu ya mzee. Machungwa na njano ya Aang iko karibu zaidi na watawa wa Thailand na wale wa hekalu la Shaolin. Wahamaji wa Hewa hawali nyama, lakini uwanda wa Tibet uko juu ya mita 4,500 kwa wastani, mboga huko ni adimu, na watawa wengi kwa karne nyingi wamekula nyama ya yaki pamoja na unga wa shayiri iliyokaangwa na chai ya siagi. Kukataa nyama kabisa ni desturi ya watawa wa Kibuddha wa China. Appa, yule nyati arukaye, anakumbusha yaki na watu wanaohama naye kufuata malisho. Lakini wachungaji hao wa Tibet ni familia zenye mahema, si watawa. Katuni imewaunganisha wachungaji na nyumba za watawa kuwa jamii moja, kisha ikawatenganisha kwa jinsia: mahekalu ya Mashariki na Magharibi ni ya wanawake, Kaskazini na Kusini ni ya wanaume. Watoto walipatikanaje, na nani aliwalea kabla ya kufikishwa hekaluni, katuni inalipita swali hilo kimya kimya.

Wazo lenyewe la Avatar nalo lina mizizi miwili ambayo watu huichanganya. Jina limetoka kwa Wahindu, ambao husimulia juu ya Vishnu kushuka duniani kwa maumbo kumi. Lakini Vishnu hatafutwi kwa mtihani wa vitu vya marehemu. Utaratibu wa kiongozi kufa, kisha wazee kwenda kumsaka mtoto aliyezaliwa upya, ni wa Tibet. India inarudi tena katika msimu wa pili kwa Guru Pathik na chakra saba, vituo vya nguvu mwilini, ambazo anamfundisha Aang kuzifungua moja baada ya nyingine. Hesabu ya elementi nne, maji, ardhi, moto na hewa, ni ya Wagiriki tangu Empedocles. Wachina huhesabu tano: mti, moto, ardhi, metali na maji, hewa haimo. Yaani mfupa unaoshikilia hadithi yote, mataifa manne kwa elementi nne, haukutoka katika nchi ambayo nyama yake ndiyo inayoonekana kila mahali.

Ufalme wa Ardhi ndipo kazi ya matabaka ilipofanywa kwa ustadi mkubwa, hasa jiji la Ba Sing Se. Kasri lake limeigwa kutoka Mji Uliokatazwa wa Beijing, uliojengwa kati ya 1406 na 1420 kwenye hekta 72 hivi. Kuta zilizozungukana, pete ya maskini nje, ya kati kwa wenye nafuu, ya juu kwa wakubwa na ikulu kitovuni, zinafuata mpangilio wa Beijing ya kifalme, ambayo ilikuwa na jiji la ndani, jiji la kifalme ndani yake, na Mji Uliokatazwa ndani zaidi. Hata ubaguzi wa pete una mfano. Mwaka 1648 utawala wa Qing, ambao ulikuwa wa Wamanchu, uliwaamuru Wachina wa Han kuhama jiji la ndani na kwenda jiji la nje, ili ndani wabaki wanajeshi wa Bendera Nane na familia zao.

Mtazame Long Feng, mkuu wa polisi wa siri: paji limenyolewa, nywele za nyuma zimesukwa msuko mmoja mrefu. Huo ni mtindo ambao Wamanchu waliwalazimisha wanaume wa China kuufuata mwaka 1645, na aliyekataa alikatwa kichwa. Kwa hiyo mavazi na nywele ni Qing. Lakini polisi wenyewe wanaitwa Dai Li, na Dai Li alikuwa mtu halisi, aliyezaliwa 1897 na kufa kwa ajali ya ndege Machi 1946, mkuu wa ujasusi wa Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wa wakati huo. Alikuja baada ya Qing kuanguka, na alikuwa adui mkubwa wa Wakomunisti. Kisha mahali ambapo watu hupelekwa kubadilishwa akili panaitwa Ziwa Laogai, na laogai ni mfumo wa kambi za kazi za kulazimishwa uliojengwa na hao hao Wakomunisti baada ya 1949. Tawala tatu za China, kila moja ikiwa imeipindua au kuichukia iliyotangulia, zimewekwa katika ofisi moja chini ya ziwa moja. Mtazamaji anayeuliza "hii ni China ya lini?" hatapata jibu, kwa sababu waandishi wamechukua kile ambacho tawala hizo zilishirikiana: ukimya unaolazimishwa. Kaulimbiu ya Ba Sing Se ni kwamba humo hakuna vita, wakati adui yuko nje ya ukuta.

Mfalme Kuei, kijana aliyelelewa ndani ya ikulu asijue kwamba nchi yake imo vitani, analinganishwa mara nyingi na Puyi, mfalme wa mwisho wa China. Ulinganisho ni mzuri ila una mpaka. Puyi alitawazwa Desemba 1908 akiwa na miaka miwili, akapoteza ufalme Februari 1912, akaendelea kuishi ndani ya Mji Uliokatazwa hadi 1924 akiwa mfalme wa vyumba na ua tu. Kufungiwa ndani kwa Kuei kunafanana na kwa Puyi. Jeshi kubwa na ardhi ya kutawala ambavyo Kuei anavyo, Puyi hakuwahi kuwa navyo mkononi.

Nje ya Ba Sing Se ufalme huu unabadilika sura kila baada ya vipindi viwili vitatu, na hilo ni kusudi: ni nchi kubwa yenye watu wa kila namna. Song, yule msichana anayemhifadhi Zuko, mwanamfalme wa Moto aliyefukuzwa, na Iroh, baba yake mkubwa, amevaa hanbok ya Korea, koti fupi lililofungwa utepe kifuani juu ya sketi pana. Watu wa jangwani wamejifunga vitambaa kama Watuareg. Na Kisiwa cha Kyoshi ni Japani, kuanzia silaha za mapepeo ya chuma hadi rangi nyeupe na nyekundu usoni inayotoka kwenye tamthilia za kabuki. Hapo pana kichekesho cha historia: kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17, lakini serikali ikawapiga wanawake marufuku jukwaani mwaka 1629, na tangu hapo rangi ile ikawa ya wanaume. Katuni imeirudisha kwenye nyuso za wanawake, tena wapiganaji.

Basi tukija kwa Moto, Japani ya mavazi imeshatumika kwingine. Ukiwatazama wakuu wa Taifa la Moto, ukimwacha Zuko wa msimu wa kwanza aliye katika fedheha, wana fundo la nywele utosini lililoshikwa na taji dogo, na hawajanyoa kichwa. Hiyo ni China ya kabla ya Wamanchu. Samurai wa Japani walinyoa utosi na kulaza fundo juu yake. Mapaa ya Moto yana ncha zilizopinda juu kwa ukali, yanakumbusha Mnara wa Korongo wa Njano wa Wuhan. Mapaa ya Japani kwa kawaida yamelala zaidi. Pambano la heshima, Agni Kai, limebeba jina la Agni, mungu wa moto katika Veda za India. Na asili ya uwezo wao wa kuongoza moto inapatikana kwa Mashujaa wa Jua, ambao piramidi zao za ngazi na manyoya ya kichwani ni ya Wamaya na Waazteki.

Kinachofanya watu waseme "Japani" ni tabaka la historia, na hapo wana haki. Visiwa vyenye volkano, nchi ya kifalme iliyojaza viwanda haraka kuliko majirani, meli za chuma na makaa ya mawe zikikabiliana na majeshi ya mikuki: hiyo ni Japani ya baada ya 1868. Ilichukua Taiwan 1895, ikaimeza Korea 1910, ikavamia Manchuria Septemba 1931, na mwaka uliofuata ikamweka yule yule Puyi kuwa kiongozi wa dola bandia ya Manchukuo. Mwaka 1937 vita vikaenea China nzima. Mwaka 1940 Tokyo ilitangaza mpango wake wa "ustawi wa pamoja" wa Asia ya Mashariki. Sozin, Mtawala wa Moto aliyeanzisha vita, anamwambia rafiki yake Roku kitu hicho hicho: sisi tumestawi, tugawe ustawi wetu kwa dunia.

Darasani mambo yanazidi kufanana. Katika msimu wa tatu Aang anaingia shule ya Moto, anakuta wanafunzi wanaapa kiapo cha utii asubuhi, na mwalimu anafundisha kwamba Sozin alilishinda jeshi la Hewa. Hewa haikuwa na jeshi. Japani ilitoa Amri ya Kifalme ya Elimu mwaka 1890, ikasomwa kwa taadhima shuleni mbele ya picha ya mfalme, na ugomvi kuhusu vitabu vya historia vinavyopunguza makali ya vita umeendelea kati yake na majirani hadi leo.

Hata hivyo tabaka hili nalo lina tofauti moja inayobadilisha maana. Japani iliharakisha viwanda kwa hofu: mwaka 1853 meli za kivita za Marekani chini ya Perry zilifika na kuilazimisha ifungue bandari zake. Taifa la Moto halikutishwa na mtu. Linaivamia dunia kutokana na shibe, na hiyo ni tabia iliyo karibu zaidi na dola za Ulaya za karne ya 19. Hati ya Mkutano wa Berlin wa 1884–85, ule ulioweka kanuni za kuigawa Afrika, inazungumza kuhusu kuwaletea wenyeji baraka za ustaarabu. Sozin angeitia saini bila kubadili nukta. Ndiyo maana kuangamizwa kwa Hewa kunakumbusha mateso ya Tibet huku muuaji akiwa na historia ya Japani: waandishi walichukua jeraha mahali pamoja na kisu mahali pengine. Anayelazimisha majozi ataishia kuilaumu Japani kwa jambo ambalo haikulifanya, au kuisafisha China kwa jambo ililolifanya.

Makabila ya Maji ndiyo yenye mishono iliyolegea. Chanzo chenyewe kilikuwa cha ajabu kidogo. Konietzko alikuwa na mchoro wa mtu mwenye mshale kichwani, DiMartino alikuwa akifuatilia habari za wavumbuzi waliokwama Ncha ya Kusini, na kutoka hapo likazuka wazo la watu wa maji walionaswa kwenye theluji huku watu wa moto wakiwakandamiza. Mahali palitangulia, utamaduni ukaja baadaye, ukachukuliwa kwa Wainuit na majirani zao wa Aktiki, upande wa pili kabisa wa dunia. Antaktika halisi haijawahi kuwa na wenyeji.

Vilivyoazimwa vizuri ni vya mkononi: makoti ya manyoya yenye kofia, mahema ya ngozi, nyama kavu ya sili, nyumba za theluji. Iglu yenyewe inastahili kuelezwa kwa sababu wachoraji wengi, wa katuni hii na nyingine, huichora kama bakuli lililofunikwa. Theluji laini haijengi. Inahitajika ile iliyoshindiliwa na upepo, na afadhali iliyoanguka katika dhoruba moja, maana tabaka mbili zenye ugumu tofauti hupasuka zinapokatwa. Matofali hukatwa kwa kisu kirefu na kupangwa kwa mzunguko unaopanda kama ond, si kwa duara moja juu ya jingine. Mlango huwa chini kuliko kitanda cha theluji ili hewa baridi, ambayo ni nzito, ikae chini na watu walale kwenye joto. Juu kuna tundu la pumzi. Likizibwa, moshi wa taa ya mafuta ya sili unaua. Tena iglu ni ya Wainuit wa kati ya Kanada na wa kaskazini-magharibi ya Greenland zaidi, na hasa kwa safari za kuwinda majira ya baridi. Wayupik wa Alaska waliishi katika nyumba za udongo na magogo.

Lisilotoka Aktiki ni utawala. Kabila la Kaskazini lina chifu mwenye binti mfalme, ndoa za kupangwa, ukuta wa jiji, na sheria inayomzuia mwanamke kujifunza kupigana kwa maji. Jamii za Wainuit hazikuwa na wafalme wa kurithi wala majiji. Mifereji yenye mashua ni ya Venice. Bumerangi ya Sokka, kijana wa Kabila la Kusini, ni ya wenyeji wa Australia. Samaki wawili wa roho, mweusi na mweupe wanaozungukana, ni yin na yang ya China. Wakati huo huo kitu kinachoonekana haraka kuliko vyote usoni mwa mwanamke wa Kiinuit wa zamani, michoro ya chale iitwayo tunniit, ambayo wamisionari waliipiga vita na ambayo sasa inarudi, hakimo usoni mwa Katara, dada yake Sokka, wala Yue, yule binti mfalme.

Msomaji wa Kiswahili anaijua hali hii kutoka upande wa pili. Katika The Lion King ya 1994 majina ni Simba, Rafiki na Shenzi, mandhari ni ya nyika za Afrika Mashariki, wimbo unaofungua filamu unaanza kwa Kizulu, na fisi mmoja anaitwa Banzai, jina linalosikika kama neno la Kijapani. Mtazamaji wa Chicago haoni mshono wowote hapo. Wa Naivasha au Arusha anauona kabla jua halijamaliza kuchomoza. Mwinuit anayetazama Kabila la Kaskazini yuko katika kiti hicho hicho, na ndiyo maana hukumu ya "wamefanya utafiti mzuri" haitoshi mpaka ujue ni tabaka gani lililofanyiwa utafiti.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe kwenye katuni yoyote, mpangilio wa kazi una umuhimu. Anza na kifua cha nguo, si na jina la nchi. Ukosi uliopishana kama herufi V na kufungwa mshipi ni wa China ya kale au Japani. Kanzu yenye vifungo vya mafundo vinavyoteremkia upande wa kulia ni ya Qing. Koti fupi na utepe ni la Korea. Kisha tazama nywele za wanaume, maana serikali nyingi zimeziwekea sheria na kwa hiyo zina tarehe. Paa baada ya hapo. Halafu mashine: meli ya mvuke, reli, redio, kila moja inakupa muongo. Mwisho kabisa uliza nani anamtawala nani na kwa kisingizio gani. Ukianza na swali hili la mwisho, kama wengi wanavyofanya, utaanza kuona kimono mahali pasipo na kimono. Kosa jingine ni kuchukua kufanana kuwa ushahidi wa kuazima. Nyumba iliyoning'inia genge la mwamba ipo Shanxi na ipo Bhutan. Hekalu la Hewa la Magharibi linafanana na zote mbili, na kufanana huko peke yake hakuthibitishi kuwa mchoraji alizitazama.

Katuni yenyewe, kwa sifa yake, inajua kwamba mipaka inavuja. Mbinu ya Iroh ya kuelekeza radi upya aliitoa kwa kuwachunguza waongoza maji, na anamwambia Zuko wazi kwamba hekima ya mahali pamoja huganda. Mfululizo wa pili, The Legend of Korra, uliorushwa 2012 hadi 2014 kwa vipindi 52, unalifanya hilo kuwa mji. Jiji la Jamhuri limezaliwa kwenye makoloni ya zamani ya Moto ndani ya Ufalme wa Ardhi, na sura yake ni ya Shanghai na New York za miaka ya 1920: magari, redio, majambazi wa mitaa, sanamu kubwa ya Aang katikati ya ghuba. Hapo mchanganyiko una sababu ndani ya hadithi yenyewe, kwa hiyo mishono haisumbui.

Ufalme wa Ardhi nao unaendelea na safari ya China hatua kwa hatua. Malkia Hou-Ting, mkali na mwenye kukamua kodi, amechorwa kwa kivuli cha Cixi, mama mfalme aliyeishika China hadi alipofariki Novemba 1908. Anapouawa nchi inapasuka mikononi mwa wababe wa majimbo, kama ilivyokuwa China kati ya 1916 na 1928, na Kuvira anaiunganisha tena kwa jeshi na kambi za kuwafungia wasiotakiwa. Mrithi, Mwanamfalme Wu, anaamua kuuacha ufalme kwa hiari na kuyaruhusu majimbo yachague viongozi wao. Puyi hakuulizwa. Februari 12, 1912 alikuwa na miaka sita, na hati ya kuachia kiti ilitolewa kwa niaba yake na mama mfalme Longyu.